Friji ya Gari la Safari: Matunzo na Utafutaji wa Hitilafu

Friji inayofungwa ndani ya gari la safari huwa ya moja kati ya aina mbili. Ya kwanza ina kompresa ndogo inayoendeshwa na betri ya volti 12 au 24. Ndiyo iliyo nyuma ya viti vya Land Cruiser nyingi zinazopeleka wageni Serengeti, Tarangire na Maasai Mara, ikibeba maji, soda na chakula cha mchana. Ya pili haina kompresa. Hiyo hupoza kwa kutumia joto la moto wa gesi ya mtungi, la umeme wa betri au la umeme wa nyumbani, na hupatikana zaidi katika magari yenye kitanda na jiko yaliyotengenezwa Ulaya, ambayo huonekana Afrika Mashariki yakiwa na wasafiri wanaovuka bara kwa barabara. Aina hizi mbili hazifanani kwa ugonjwa wala kwa dawa, hivyo kazi huanza kwa kuijua iliyopo. Inayonguruma kwa sauti ya chini, ikanyamaza, ikaanza tena, ina kompresa. Ile iliyo kimya usiku kucha hupoza kwa joto.

Katika friji ya kompresa, gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Kompresa huibana, kondensa iliyo karibu na feni huipoza hadi iwe kimiminika, kisha hupanuka ndani ya kuta za friji na kuvuta joto la vitu vilivyomo. Gesi hii haitumiki ikaisha kama dizeli. Mabomba yasipotoboka, ile iliyowekwa kiwandani hubaki humo humo maisha yote ya friji. Kwa hiyo kauli ya “gesi imeisha”, ambayo fundi huweza kuitoa hata kabla ya kufungua kifuniko, inafaa kusikilizwa mwisho. Mara nyingi friji ya gari isiyopoza inakosa umeme wa kutosha au inakosa hewa, na yote mawili yanaweza kugunduliwa na dereva mwenyewe kabla ya kumlipa mtu.

Umeme kabla ya gesi

Kipimo cha kwanza hufanywa kwa multimita. Kupima betri peke yake hakutoshi, na kupima wakati friji imezimwa ni kujidanganya. Volti zenye maana ni zile zinazofika kwenye friji wakati kompresa inaanza kuzunguka. Ncha za mita huwekwa nyuma ya soketi, au pale waya mbili zinapoingia kwenye kadi ya kompresa, yaani saketi ya elektroniki inayoiendesha, kisha friji huwashwa na namba hutazamwa bila kuondoa macho.

Mfano wa kawaida ni huu. Betri inasoma 12.6. Kwenye soketi ya friji, kompresa ikiwa bado haijaanza, mita inasoma 12.5, na mtu anaweza kuridhika akaondoka. Kompresa inapoanza, namba inashuka hadi 10.9, kisha 10.3. Taa ndogo inamweka, mngurumo unakatika, na mita inarudi 12.5 kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya muda mfupi kompresa inajaribu tena na mambo yanakwenda vile vile. Friji hiyo ni nzima. Kadi yake imejizima kwa sababu imeona volti chache mno. Kadi nyingi za volti 12 zikiwa hazijabadilishwa mpangilio hukata umeme kwenye 10.4 na kukubali kuwaka tena zikiona 11.7. Volti mbili zimepotea njiani, na kinachobaki ni kutafuta zimepotelea wapi.

Mshukiwa wa kwanza ni unene wa waya. Mafundi wa mtaani hupenda kuvuta waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, kwa kuwa ndio uliopo mkononi. Betri ikiwa mbele na friji ikiwa mita tano nyuma, umeme husafiri mita kumi kwenda na kurudi. Friji inayovuta ampea 5 hupoteza karibu volti 0.6 katika waya huo. Waya wa milimita 6 za mraba, kwa umbali na mzigo ule ule, hupoteza kama volti 0.15 tu. Watengenezaji wa kompresa hizi hutoa kanuni rahisi kukumbuka kwa volti 12: waya wa milimita 2.5 za mraba usizidi mita 2.5 kutoka betri hadi friji, wa 4 usizidi mita 4, wa 6 usizidi mita 6. Kwa mfumo wa volti 24, kama ulio kwenye malori na mabasi madogo mengi, umbali huo huongezwa mara mbili.

Mshukiwa wa pili ni tundu la kuwashia sigara. Lilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya sekunde chache, halafu likageuzwa kuwa njia ya umeme ya mchana kutwa. Plagi yake hushikiliwa na springi tu. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Seronera, yenye mawimbi yanayotikisa gari hadi meno, huilegeza bila dereva kujua. Plagi iliyolegea hupata moto, na plastiki iliyoanza kuyeyuka au kubadilika rangi kuwa kahawia ni ushahidi tosha. Dawa yake ni kuachana na tundu hilo kabisa na kuweka soketi nene ya kujifunga, ya aina inayotumiwa kwenye vifaa vya kuvutia magari, ikiwa na waya wake wa kutoka kwenye betri moja kwa moja.

Mshukiwa wa tatu husahaulika: waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari. Chini ya skrubu kuna rangi, na chini ya rangi, kwa magari ya pwani hasa, kuna kutu. Pahali hapo husuguliwa kwa msasa hadi chuma king’ae, hukazwa, kisha hupakwa grisi. Walio makini hawatumii bodi kabisa. Huvuta waya zote mbili hadi kwenye betri.

Fyuzi hukaa karibu na betri, si karibu na friji, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Kwa friji nyingi za volti 12 ni ya ampea 15. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inaeleza kwamba kuna waya uliochubuka mahali fulani, mara nyingi unapopita kwenye tundu la bati bila raba. Kuifunga kwa uzi wa shaba ili safari iendelee ni kuandaa moto chini ya zulia.

Waya zikiwa salama, betri ndiyo inayofuata. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa, husoma takriban 12.6 hadi 12.7. Kwenye 12.2 imebaki karibu nusu. Injini ikiwa inazunguka, alteneta inapaswa kutoa kati ya 13.8 na 14.4, pungufu ya hapo friji italaumiwa kwa kosa la mkanda uliolegea au la alteneta yenyewe. Kompresa ndogo inayovuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda hutumia ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya ampea-saa 100 ambayo haitakiwi kushuka chini ya nusu inaweza kubeba siku moja tu ya gari kusimama, na hiyo ni ikiwa mpya. Ndiyo sababu friji huwekewa betri yake ya pili, inayotenganishwa na ya kuwashia injini kwa rilei au kifaa cha kugawa chaji. Gari lenye betri moja linaweza kulala kambini na friji baridi, likaamka halina nguvu ya kuwaka. Kambi nyingi huzima jenereta usiku, na friji iliyokuwa imechomekwa kwenye umeme wa kambi hurudi kimya kimya kwenye betri hadi alfajiri.

Taa inayomweka

Kompresa za muundo wa Danfoss, ambazo siku hizi hutengenezwa kwa jina la Secop, zimo ndani ya friji zenye majina mengi tofauti ya kibiashara. Kadi yake hueleza tatizo kwa idadi ya mimweko ya taa, kisha hupumzika kidogo na kurudia. Mmweko mmoja ni volti chache, yaani habari yote iliyoelezwa hapo juu. Miwili ni feni inayovuta umeme kupita kiasi. Mitatu ni kompresa iliyoshindwa kuanza, ama kwa sababu imekwama, ama kwa sababu shinikizo la gesi bado halijasawazika tangu ilipozimwa. Huzimwa kwa dakika kumi na kujaribiwa tena kabla ya kuhukumiwa. Minne ni kompresa iliyoanza lakini ikaelemewa, na mitano ni kadi yenyewe kupata joto kupita kiasi. Friji nyingine huandika namba kwenye kioo badala ya kumweka, na maana ya namba hizo imo kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Kijitabu hicho kinafaa kukaa ndani ya gari, pamoja na kadi ya bima.

Friji ikiwa kimya kabisa huku umeme unafika vizuri, themostati hushukiwa. Kwenye kadi za muundo huo waya mbili za themostati huingia kwenye pini za C na T. Waya zikichomolewa na pini hizo mbili kuunganishwa kwa kipande cha waya, kompresa inapaswa kuanza. Ikianza, themostati ndiyo mbovu, na ni kitu cha bei nafuu kulinganisha na kadi. Isipoanza, koili za mota hupimwa kwenye pini tatu za kompresa. Vipimo vitatu, pini kwa pini, vinapaswa kulingana. Vikilingana, lawama hubaki kwa kadi.

Joto lisilo na pa kwenda

Friji haitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Nje kukiwa hakuna nafasi, joto hurudi. Kosa linaloonekana kila mahali ni kuibana friji kati ya mabegi, mablanketi na kiti, kisha kushangaa kompresa haipumziki. Upande wenye matundu ya hewa huhitaji sentimita tano hadi kumi za uwazi, na friji iliyofungwa ndani ya kabati huhitaji tundu la hewa kuingia chini na jingine la kutokea juu.

Vumbi la nyanda za Serengeti, laini kama unga wa ngano, hupita kwenye matundu hayo na kuziba mapezi ya kondensa hadi yaonekane kama blanketi la kijivu. Baada ya kila safari ndefu kifuniko hufunguliwa, umeme ukiwa umechomolewa, na vumbi huondolewa kwa brashi laini na upepo wa gereji. Feni hushikiliwa kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa sababu upepo huo huizungusha kwa kasi isiyotakiwa na kuua beringi zake. Feni isiyogeuka, au inayogeuka kwa kusuasua, inaweza kuifanya friji ionekane imeishiwa gesi, kumbe inahitaji kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa skrubu chache.

Kuna malalamiko ambayo hayana hitilafu nyuma yake. Dereva anapakia katoni ya maji yasiyopozwa saa kumi na moja alfajiri, na saa nne wageni wanalalamika kuwa maji ni vuguvugu. Kupoza lita 20 za maji kutoka nyuzijoto 28 hadi 5 ni kuondoa joto la takriban wati-saa 535. Kompresa inayoondoa wati 50 itahitaji zaidi ya saa 10, na hapo mlango haujafunguliwa hata mara moja. Hakuna fundi wa kuponya hesabu hiyo. Maji hupozwa kwenye friji ya nyumbani au ya ofisi usiku, na friji ya gari huchomekwa kwenye umeme wa nyumbani tangu jana yake ili iondoke ikiwa tayari baridi.

Raba ya mlango hupimwa kwa noti. Noti ya karatasi hubanwa kwenye mlango kisha huvutwa. Ikishikwa, raba inafanya kazi, ikitoka bila kikwazo, hewa ya moto inaingia hapo. Zoezi hili hurudiwa pande zote nne, na mara nyingi kona ya karibu na bawaba ndiyo inayolegea. Kabla ya kununua raba mpya, ya zamani huoshwa kwa maji ya sabuni, kwani soda iliyomwagika na kukauka huinyima kushika.

Barafu ikifikia unene wa nusu sentimita kwenye kuta za ndani huanza kuwa kizuizi, na friji huzimwa ili iyeyuke yenyewe, au husaidiwa kwa sufuria ya maji ya moto yenye kifuniko iliyowekwa ndani. Kisu hakitumiki kamwe. Ukuta huo ni alumini nyembamba yenye gesi nyuma yake, na ncha ya kisu ndiyo inayoifanya kauli ya “gesi imeisha” kuwa kweli.

Gesi ikiwa imevuja kweli, dalili zake huja pamoja: kompresa inazunguka bila kupumzika, kondensa haipati joto, umeme unaovutwa ni mdogo kuliko kawaida, na baridi iko sehemu ndogo tu ya ukuta wa ndani. Doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba huonyesha mahali. Matengenezo yake ni kuziba tundu, kuvuta hewa yote kwa pampu, kisha kuweka gesi kwa kupima uzito kwenye mizani kulingana na kibandiko cha friji. Friji hizi hubeba kiasi kidogo, mara nyingi hakifiki gramu 100, na fundi anayekisia kwa geji kama anavyojaza kiyoyozi cha gari huijaza kupita kiasi. Kibandiko hicho pia hutaja aina ya gesi. R134a haiwaki, lakini ni miongoni mwa gesi zinazopaswa kupunguzwa chini ya marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016, hivyo haifai kuachiwa hewani. R600a hushika moto, na kuchomelea bomba lenye mabaki yake ndani ya gari ni hatari isiyo na utani.

Friji isiyo na kompresa

Friji ya kupoza kwa joto ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, na muundo wake haujabadilika sana. Amonia, maji na haidrojeni huzunguka ndani ya mabomba ya chuma kwa nguvu ya joto na uzito wake tu. Haina kitu kinachosogea, na kwa sababu hiyo hutaka gari lisimame sawasawa. Mwinamo wa nyuzi chache kwa saa kadhaa husimamisha mzunguko, ilhali kompresa nyingi za gari huvumilia hadi nyuzi 30. Kambini gari husawazishwa kwa mawe au vipande vya mbao chini ya tairi, na pima maji huwekwa ndani ya friji yenyewe, si kwenye dashibodi.

Kwa betri, friji hii hutumia ampea 10 au zaidi mfululizo, kwa hiyo njia hiyo ni ya wakati injini inazunguka tu. Gari likisimama huhamishiwa kwenye gesi. Mwali mzuri ni wa bluu na hauchezi. Mwali wa njano hutoa masizi, na maana yake ni hewa haitoshi au tundu la gesi lina uchafu. Buibui hupenda kutaga ndani ya bomba la kichomeo gari linapokaa muda mrefu. Tundu hilo ni dogo kiasi kwamba kulichokonoa kwa sindano hulipanua na kuliharibu. Hulowekwa kwenye spiriti na kupulizwa. Bomba la moshi husafishwa kwa brashi angalau mara moja kwa mwaka. Mwali ukiwaka na kuzimika kitufe kinapoachiwa, themokapo, ile ncha ya chuma inayoguswa na moto, ama imesogea ama imekufa.

Mwinuko nao una kauli. Watengenezaji huonya kwamba juu ya mita 1,000 uwashaji unaweza kusumbua, na Nairobi iko karibu mita 1,700, ukingo wa kreta ya Ngorongoro karibu 2,300. Friji iliyokuwa nzuri Bagamoyo ikigoma kwenye ukingo huo si lazima iwe mbovu. Huko hutumiwa umeme. Moto wa friji huzimwa kabla ya kuingia kituo cha mafuta, na matundu yake ya moshi hayazibwi hata baridi ikiwa kali, kwa sababu hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua waliolala. Harufu kali ya amonia pamoja na unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma humaanisha mfumo umetoboka. Madirisha hufunguliwa, friji huzimwa, na mabomba hayo hayatengenezwi, hubadilishwa yote kwa pamoja.

Friji isipotumika

Friji ya aina yoyote inayokwenda kupumzika msimu wa masika huchomolewa, huyeyushwa barafu, huoshwa kwa maji vuguvugu yenye siki kidogo na kukaushwa hadi kwenye mikunjo ya raba. Ya kompresa iliyosafirishwa ikiwa imelala ubavu husimamishwa kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mlango huachwa wazi kidogo, ukizuiwa na kitambaa kilichokunjwa. Ukifungwa kabisa na unyevu ndani, ukungu huota, na harufu yake hukaa kwenye plastiki msimu mzima unaofuata.